Idara ya Makosa Yasiyojulikana

Kwa furaha kubwa, Baraza la mji wa Tirithia liliunda Idara ya Makosa Yasiyojulikana na kumteua Mheshimiwa Timandros kuiongoza. Kisima cha mji kilikuwa kimekauka, na kahini, mtabiri wa mji, alisema yupo mtu aliyeukosea mji bila kujua. Basi agizo likatoka: kila mkazi aandikishe makosa yake asiyoyajua. Atakayeshindwa atafukuzwa siku hiyohiyo kabla jua halijazama.

Timandros aliiona kazi inakwenda vizuri mno. Ndani ya siku tisa wafinyanzi wote walikuwa wameshakiri. Mwokaji mmoja alikiri kumuua babu yake, ingawa bado anampelekea mzee huyo mikate.

Akabaki Plangoni, mjane muuza mchuzi wa dengu.

"Mama, taja kosa usilolijua."

"Nikilitaja si nitakuwa nalijua, baba?"

"Wenzako wameweza."

"Wenzangu waongo."

Karani Sosia akainamia kibao chake cha nta. "Niandike 'amekataa kushirikiana na majaliwa', mheshimiwa?"

"Andika. Atoke leo hii."

Plangoni hakulia. Alivunja tawi la mzeituni uliokuwa mlangoni, akalizungushia sufu kama afanyavyo mwomba hifadhi, akatafuta madhabahu ya kushika, maana aliyeshika madhabahu haguswi na mtu. Akatazama huku na huku, kisha macho yakatua kwenye kiti cha Timandros.

"Hebu inuka kidogo, baba."

"Ya nini?"

"Inuka tu, hufi."

Akainuka. Plangoni akavuta ngozi ya kondoo iliyofunika kiti. Jiwe lililokuwa chini yake lilikuwa limechongwa nyoka.

"Nyoka huyu nimeosha vyungu mbele yake miaka thelathini. Hii ni madhabahu ya shujaa aliyeanzisha mji, ilikuwa kisimani. Nani kaileta huku?"

Ofisi nzima ilijua. Kiangazi kilichopita, Timandros aliagiza aletewe jiwe la baridi, lenye kuwafaa viongozi wanaokaa sana. Lilipofika, kesho yake kisima kikakauka.

Plangoni akalikumbatia jiwe, akatulia.

"Mheshimiwa," Sosia akauliza, "wewe ulijiandikisha?"

"Mimi ndiye ninayeandikisha watu."

"Kwa hiyo hapana."

"Sosia, mwanangu, mimi sikujua."

"Hicho ndicho kifungu chenyewe, mheshimiwa," Sosia akajibu, akiandika kwa mwandiko mzuri. "Utatokea lango la mashariki au la magharibi? La magharibi lina kivuli."