Msamaha Uliojazwa na Kompyuta

Karangjati, Klaten
Wiki ya pili baada ya Idi

Kwa Ndugu Hendarto,
Mkuu wa Kitengo cha Barua kwa Wateja,
Kampuni ya Bima (jina silitaji, kwa heshima ya wenzako wasio na hatia),
Surabaya.

YAH: KUUKATAA MSAMAHA ULIOOMBWA NA KOMPYUTA

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi niandikaye ni dada yako mkubwa, Sumirah. Nimeona nijitambulishe kwa sababu barua yako ya Idi inaonyesha kwamba hunikumbuki vizuri. Natumaini u mzima, kiyoyozi cha ofisini hakijakupa mafua, na kompyuta yako nayo haijambo, maana siku hizi ndiyo inayofanya udugu kwa niaba yako.

Kila Idi tangu Mama afariki ulikuwa unakuja. Unashuka kwenye treni umekunjamana, unavua viatu mlangoni, unapiga magoti mbele ya kiti changu na kuomba radhi, kama wadogo wote wa hapa kwetu wanavyowafanyia wakubwa zao. Mwaka huu nilisuka ketupat za kupikia wali, nikapika kuku wa nazi, nikakaa kwenye kiti. Akaja mtu wa posta. Amebeba bahasha za kaki, moja kwa kila nyumba ya mtaa huu. Hakupiga magoti, na mimi sikumwomba.

Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Jina. Barua inaanza, "Mpendwa sana Bwana/Bibi Sumirah Sumirah." Tuanze na hiyo Bwana/Bibi. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni Mama alipokuwa sokoni, nikakufunga nepi, nikakutafunia wali. Kama mpaka leo hujaamua mimi ni bwana au bibi, nani atakusaidia? Halafu hilo la kuniita mara mbili. Unajua wazi kwamba nina jina moja tu, kama wewe, na kama Baba, ambaye jina moja lilimtosha mpaka akaingia nalo kaburini. Bwana Suyatman, katibu wa kijiji, amenifafanulia kwamba kiolezo chako cha barua kina matundu mawili ya jina, na tundu la pili likibaki tupu kompyuta inanung'unika. Kwa hiyo ili kompyuta isinung'unike, ninung'unike mimi.

2. Upendo. Nilidhani walau hiyo "Mpendwa sana" ni yangu. Nimepita kwa majirani, nimekuta kila mtu ni mpendwa sana. Mpaka Kasmuri muuza gesi, ambaye hujawahi kumpenda na hakuna anayempenda, mkewe akiwemo. Amebandika barua yako ukutani dukani, juu ya mizani, na sasa haambiliki.

3. Kosa. Hapa naomba usome taratibu. Barua yangu inaendelea, "Naomba radhi kwa makosa yangu yote, niliyoyajua na nisiyoyajua, hasa kosa la KUMGONGA BATA WAKO KWA PIKIPIKI." Mimi sina bata. Sijawahi kuwa na bata, na sura ya bata inanichefua. Mtaa mzima unajua bata aliyegongwa ni wa Pakde Marsudi, kaka yake Baba, na kwamba Pakde amenuna miaka nenda miaka rudi akiamini aliyemgonga ni mume wa Wagiyah anayeuza tempe za soya. Nikaona uaminifu unataka nimpelekee barua yake. Nikamkuta mzee wa watu yuko kikaangoni, kwa sababu barua iliyoandikwa jina lake ilikuwa inaomba radhi kwa kosa la KUKUAHIDI NDOA KISHA KUTOROKEA SURABAYA, na mkewe, Bude, ndiye aliyeifungua.

"Hebu nieleze polepole, mzee," Bude alikuwa anasema. "Huyu mtoto wa ndugu yako alikuahidi ndoa lini?"

"Najuaje mimi? Labda ni mambo ya mjini hayo."

"Mambo ya mjini yamekupatia wapi wewe, ambaye hata Klaten huendi bila kupotea?"

Ndoa hiyo sote tunajua ilikuwa ya nani. Rukmini fundi cherehani alikaa na kitambaa cha blauzi ya harusi mpaka nondo wakakila. Yeye naye barua yake ilimwomba radhi kwa KUIMBA NYIMBO ZA MAPENZI KWENYE KIPAZA SAUTI CHA MSIKITI. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Mbakyu, dada yangu," akaniambia, "kumbe zile nyimbo alikuwa ananiimbia mimi? Si angesema tu! Ningemsubiri kidogo." Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

4. Ufundi. Nikamrudia Bwana Suyatman. Akavaa miwani, akazilinganisha barua, akatikisa kichwa kama daktari. "Mbakyu, huyu alikuwa na orodha," akasema. "Safu moja ya majina, safu moja ya makosa. Halafu akayapanga majina kwa herufi ili yapendeze, makosa akayaacha yalipokuwa. Majina yamehama, makosa hayakuambiwa." Nikamwambia mdogo wangu ni mkuu wa kitengo cha kazi hiyohiyo. Akakohoa kwa adabu. Tafadhali waeleze wateja wenu wa bima wazikague barua zao vizuri, asije mtu mzima akapewa pole ya kifo chake mwenyewe.

Lakini kinachoniuma si ubovu wa ufundi wako. Kinachoniuma ni hiyo safu ya makosa. Ina maana ulikaa chini ukatukumbuka sote, mmoja mmoja, na kila mtu na jeraha lake, mpaka bata. Huwezi kusema umesahau. Ulikumbuka kila kitu, halafu ukabonyeza.

5. Utafutaji. Kwa kuwa hakuna kosa lililopotea ila yamebadilishana nyumba, nilijua na langu liko mahali. Nikalitafuta. Je, unajua ilivyo fedheha kwa mwanamke wa umri wangu kubisha hodi siku za Idi na kuuliza, "Samahani, ninyi mmeombwa radhi ya nini?" Nimekula vijikeki vya nanasi katika kila nyumba mpaka tumbo likagoma.

Nimelikuta kwa Mbah Tukiyo, mzee anayechimba na kutunza makaburi. "Hasa kosa la KUTOKUWEPO SIKU MAMA ALIPOZIKWA." Lilikuwa limekaa hapo mezani kwake, chini ya glasi ya chai. Na yeye hakuona ajabu yoyote.

"Ni kweli hili," akasema. "Siku ile nilishika jembe mpaka Alasiri. Kila mtu ananiambia fukia, mimi nasema ngojeni kwanza, mtoto wa mwisho yuko njiani. Nikafukia na aibu yangu. Amefanya vizuri kuomba. Nimeshamsamehe."

"Mbah, hilo kosa ni langu mimi," nikamwambia.

"Basi na wewe msamehe la kwako, Nduk, mwanangu. La kwangu limekwisha."

6. Kwa hiyo, Ndugu Mkuu wa Kitengo, hali ilivyo ni kwamba kosa langu limesamehewa na mtu mwingine, bila idhini yangu, tena akinywa chai. Hili sitalivumilia. Nadai yafuatayo. Kwanza, msamaha wa Mbah Tukiyo ubatilishwe kwa maandishi. Pili, uje mwenyewe kukusanya barua zote na kumpelekea kila mtu kosa lake, kwa miguu, nyumba hadi nyumba, ukipiga magoti katika kila moja, dukani kwa Kasmuri ukianzia. Tatu, uwapatanishe Pakde na mume wa Wagiyah. Hili la tatu nalifuta, kwani walishapatana jana na wamekula pamoja, jambo ambalo limeniudhi, maana kelele zao ndizo zilizokuwa zinanichangamsha. Nne, uwekwe muhuri wa kijiji kuthibitisha kwamba mimi sijasamehe chochote.

Usipotekeleza, nitamwagiza Bwana Suyatman atengeneze kiolezo chetu, chenye tundu moja tu, la jina la mdogo asiye na adabu. Nitakutumia kila Idi. Na hicho kiti unachopigia magoti nitampa Kasmuri akakalie dukani.

Msalimie mkeo Yuliati, na watoto, ambao sijui wamefikia kimo gani. Salamu nyingi kwa kompyuta. Pakde na Bude wanakusalimu, Rukmini aliniuliza tu kama umenenepa, na mtaa mzima, wapendwa sana wote, wanakuombea akili.

Ni mimi, niliyekulea bila kiolezo,

Sumirah
(mara moja inatosha)

Baada ya kutia sahihi: Nimeisoma tena barua hii kabla ya kufunga bahasha, nikaona Mbah Tukiyo namwonea. Yeye hakunitangulia. Siku ile uliposhuka kwenye pikipiki ya kukodi ukalala juu ya udongo wa Mama na shati lako la kazini, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, na nilikusamehe palepale, kabla hujainuka. Kila Idi ulipoomba radhi nikawa nakujibu, "Tutaona mwakani," kwa kuwa niliogopa: ukishasamehewa, utakuja kufanya nini huku tena? Mama hayupo. Nimebaki mimi tu. Naona umechoka kungoja, na sikulaumu. Basi hudaiwi kitu, Dik, mdogo wangu. Nilikusamehe zamani, na sasa sina tena cha kukuita nacho. Njoo hivyohivyo.