Joto la Sahani za Mama Akiror

Wewe unayesikiliza, ukiwa na njaa ya siku mbili na mfukoni huna hata sarafu, utamwambia nini mwenye hoteli? Dancan Ojiambo, mwana wa Sigalame, mjanja aliyefukuzwa Busia kwa kuuza vibali vya choo cha bure, alisema, "Kilokalori."

Alilitamka neno hilo asubuhi moja pale Malaba, mpakani na Uganda, mlangoni pa hoteli ya Mama Akiror, reflekta kifuani, beji shingoni yenye mhuri usiosomeka. Nje foleni ya matrela ilikuwa imelala barabarani. Ndani madereva walikuwa wanamega ugali, matumbo yamekaangwa na vitunguu hadi yakang'aa, sukuma imekatwa nyembamba kama nyuzi. Mate yalimjaa Dancan. Kuomba sahani moja ya bure aliona aibu. Kuomba elfu kumi na tano hakuona.

"Mama, hiki unachouza ni joto," akasema. "Sahani hii ina kilokalori mia tisa. Sasa kuna mradi unaonunua joto lisilo na moshi, ila wao hupima kwa BTU, kama hita za gesi. Kilokalori moja ni karibu BTU nne. Hapo una BTU elfu tatu na mia sita, na unazitoa bure."

Mama Akiror akaacha mwiko. "Na chai?"

"Chai pia. Ukiweka sukari, zaidi."

"Basi leo nitaweka." Macho yalikuwa yameshawaka. "Hiyo pesa inakuja lini?"

"Ukishasajiliwa. Usajili ni elfu kumi na tano tu. Lakini kwanza mkaguzi lazima apime siku saba."

"Anapima na nini?"

Dancan akajigusa tumbo, kwa unyenyekevu wa mtu anayejitolea kwa ajili ya taifa.

"Sawa. Lakini hapa anayekula bila kulipa huacha kitambulisho. Hata akiwa askofu."

Bila kitambulisho kuvuka kwenda Uganda ni taabu, na Uganda ndiko alikopanga kukimbilia na zile pesa. Lakini matumbo yalinukia. Akakitoa, Mama Akiror akakitia kwenye mfuko wa aproni.

Basi Dancan akapima. Alipima asubuhi, mchana na jioni. Kila akimaliza kula alitia themometa kwapani, akatazama juu kama anayesali, akaandika. Shibe nayo ikamlegeza ulimi.

"Mtu akipasua kuni saa moja," aliwahutubia madereva siku ya tano, akilamba mchuzi kidoleni, "anachoma kilokalori mia nne."

"Na wewe boss umepasua ngapi?" akauliza Omoding, dereva aliyekwama pale wiki nzima kwa sababu ya karatasi za mzigo.

"Mimi ni wa ofisini."

Jioni ya siku ya saba Mama Akiror alitoa akiba yake ya kununulia friji, elfu kumi na tano, akaikunja tayari. Kisha akaenda kupima mahindi ya kusaga. Gorogoro, lile kopo lake la kupimia, ilikuwa imeazimwa na jirani, ikabidi atumie glasi. Akapima, akahesabu, akapima. Katikati ya gunia mkono ukasimama.

Asubuhi Dancan alikuja na mashavu yaliyojaa. "Mama, tumalizie usajili."

"Kaa kwanza. Gunia langu nikipima kwa gorogoro napata arobaini na tano. Kwa glasi napata mia tatu na sitini. Lakini gunia halijanenepa."

"Kwani huniamini?"

"Nakuamini sana. Joto ni mali, umesema. Umekula sahani ishirini na moja. Hizo ni BTU elfu sabini na tano na mia sita, zote umezibeba wewe. Nataka zirudi."

"Joto halirudi, mama."

"Linarudi. Shoka liko nyuma. Saa moja ni kilokalori mia nne. Mara nne, elfu moja na mia sita. Omoding, gawanya."

Omoding akabonyeza simu. "Saa arobaini na saba na robo."

"Robo nimemsamehe."

Madereva wakacheka mpaka chai ikamwagika. Dancan akautazama mlango, akautazama mfuko wa aproni, akaenda kwenye magogo ya kalitusi.

Alipasua saa sita kwa siku. Lakini kupasua kuni kunaleta njaa, na sahani zilikuwa tatu vilevile. Kila jioni Mama Akiror alimsomea hesabu kwa upole. "Leo umerudisha elfu tisa na mia sita. Umekula elfu kumi na mia nane."

Siku ya nne jumla ilifika elfu themanini.

"Mama, deni hili linapanda."

"Ni BTU, mwanangu. Kupanda ndiyo uzuri wake. Si ndivyo ulivyonifunza?"

Dancan akaketi juu ya gogo, viganja vimejaa malengelenge. Mama Akiror akaja na sahani ya jioni, lakini hakumpa. Aliishika tu, mvuke ukipanda katikati yao.

"Dancan, siku ile ya kwanza, ulikuwa unataka nini hasa?"

"Mradi, mama, ule wa..."

Sahani ikageuka kurudi jikoni.

"Nilitaka unipe chakula," akasema Dancan. "Sahani moja tu, ya bure. Niliona haya kuomba."