Yah: Ramani ya Zahanati Kusahihishwa na Watu Wasiosomea Ujenzi

Sumbawanga, 9 Septemba 1995

Ndugu Mhandisi wa Mradi,

Shikamoo. Ni mimi Zenon Leonardi, mchora ramani wako niliyesomea kazi hii miaka mitatu na kupewa cheti. Nakuandikia kwa unyenyekevu, nikiwa bado na vumbi la Jumatano kwenye suruali.

Ulinieleza kwamba siku hizi wafadhili hawatoi saruji mpaka wanakijiji waipitie ramani na kutoa maoni. Nilidhani maana yake ni kupiga makofi. Nikaenda kijijini, ng'ambo ya Mollo, nikaitandaza ramani darasani. Yaliyonikuta ni haya:

1. Mama Coleta, mkunga wa jadi, aliigeuza ramani kichwa chini miguu juu, akauliza mlango uko wapi. Nilipomwonyesha akasema, "Mwanangu, upepo wa Juni unatokea huko huko. Mtoto azaliwe kwenye baridi?" Chuoni hatukufundishwa upepo.

2. Mzee Kashinje, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alikiri hajui kusoma ramani, kisha akaendelea kuzungumza. Akataka tutoke nje, jengo lipimwe chini kwa ukubwa wake halisi, kwa kamba na vigingi vya ndama.

3. Vigingi vilipungua, nikaombwa kusimama kwenye kona ya korido. Mhandisi, nilikuwa ukuta kwa saa nzima. Wanaume wanne wakambeba Scola, mwenye mimba ya miezi minane, juu ya machela, kama wajawazito wanavyoletwa kutoka mashambani. Walipofika kwangu machela haikukata kona. Nikasogea kidogo, Mama Coleta akanikumbusha kwamba ukuta hausogei. Wakajaribu mara tatu, kisha wakaitua machela chini. Mwaka jana dada yake Scola alikata roho juu ya machela, wabebaji wakihangaika kumpitisha mlangoni pa zahanati nyingine. Scola akashuka, akalia. Kikao cha kitaalamu hakiendeshwi hivyo.

4. Hakuna aliyesifu mistari yangu, ambayo imenyooka.

Naomba basi wananchi washirikishwe baada ya paa kuezekwa, maoni yao yasipoweza tena kuleta madhara. Wagonjwa nao waelekezwe kufika kwa miguu, wakiwa wembamba.

Nisalimie wote ofisini, na Bi Adela wa masijala, na watoto nyumbani.

Wako katika kazi,
Zenon Leonardi

N.B. Ramani iliyomo kwenye bahasha ni yao. Mimi nimeinyoosha tu. Tafadhali isaini kabla ya mvua. Ile yangu nimeichana. Na kama ujenzi wa soko nililochora mwaka jana haujaanza, usimamishe kwanza. Nataka Mama Coleta aione.