Hendeli ya Wodi

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe kalazwa. Moyo, na maji kwenye mapafu. Daktari kakataza asilale chali hata kidogo, pumzi zitamkatika. Nasikitika sana. Pia naona mlango umefunguka.

Mke wangu yuko kwao mwezi wa nne sasa. Niliitoa hendeli ya cherehani yake nikaifunga mota, maendeleo! Ikaungua pamoja na gauni la bibi harusi wa watu. Kasema harudi mpaka baba yake aseme neno. Na Mzee hajasema neno jema juu yangu kwa miaka tisa. Sasa yuko kitandani, hana pa kukimbilia.

Kikwazo ni mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Dereva wa gari la maji taka. Mpole, mchapakazi. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi
Ugunduzi! Wodi ina vitanda sita na hendeli moja. Unaichomeka miguuni pa kitanda, unazungusha, upande wa kichwa unapanda. Ila skrubu zimelika, kitanda kinashuka chenyewe polepole, na baada ya saa moja hivi unaanza upya.

Nimezungusha mara saba. Mzee, fundi wa malori mstaafu, akafunguka kidogo. Kanihesabia hendeli zote alizozungusha maishani: za malori, ya mashine ya kusaga, ya kisima, ya gramafoni siku aliyooa. Kifundo cha mkono kilipinda siku hendeli ya lori iliporudi nyuma kwa nguvu. Kanionya dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine. Kisha akanuna, kama kawaida yake.

Jioni mwanyumba akazungusha mara moja tu, akashukuriwa. Mimi niliambiwa napiga kelele.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenye hendeli ndiye mwenye mgonjwa. Asubuhi nimeondoka nayo ndani ya mguu wa suruali, nikichechemea. Kwa saa tatu tu, mpaka muda wa kuona wagonjwa. Saa tatu haziui mtu.

Nilimkuta Mzee kalala karibu chali, midomo imebadilika rangi. Mwanyumba anapachika mito, haisaidii. Nikajifanya nimeiona hendeli nyuma ya pazia. Nikazungusha! Mzee akanishika mkono akasema mimi angalau huwa nafika. Nilienda chooni nikalia kwa furaha. Nilipotoka nikaondoka nayo tena.

Ijumaa, 7 Machi
Jana jioni niliirudisha, leo asubuhi nikatoka nayo tena, mlinzi wa getini kanipapasa. Kipande cha chuma ndani ya suruali! Ningesema ni cha wodi, ningejimaliza. Nikasema ni changu, cha cherehani. Akaniweka kibandani toka asubuhi hadi jioni, akisubiri mkubwa wake aje aamue. Mkubwa wake hakuja. Mwisho alichoka akaniachia, na chuma changu.

Mwanyumba, alipoona kitanda kinashuka na hendeli haipo, alipanda kitandani akakaa amempa Mzee mgongo, Mzee akamwegemea. Saa nane nzima. Hata msalani hakwenda.

Kwenye kitanda cha tano kulikuwa na mwalimu mstaafu, mgonjwa wa kifua. Hakuwa na mtu wa kumpa mgongo. Kafariki alasiri. Nesi anasema hata hivyo siku zake zilikuwa zimebaki chache. Jana alinipa gazeti lake nisome. Naogopa. Nimejaribu kula, nimeshindwa.

Jumapili, 9 Machi
Ijumaa ileile usiku niliiingiza hendeli chini ya sinki, kisha "nikaiokota". Nesi kanishukuru mbele ya watu wote. Nikaanza kupata nafuu.

Mzee akaomba watu watoke, tubaki mimi, yeye na mke wangu. Nikajua neno limefika. Nikaweka shati vizuri.

"Alhamisi niliisikia ikigonga goti lako ulipotoka," akasema. "Nimeishi na vyuma, mwanangu. Nilinyamaza. Nilisema huyu ni mkwe wangu, atairudisha."

Nikajibu kwamba nilichelewa tu.

"Mwalimu hakuchelewa. Kifo chake ni chetu sote wawili. Mimi nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe, si muda mrefu."

Kisha akamgeukia binti yake. "Usirudi kwake."

Mke wangu hakulia. Alikwenda miguuni pa kitanda, akazungusha mpaka baba yake akakaa vizuri, dole gumba upande mmoja na vidole vingine. Nilikuwa sijui kama naye alifundishwa. Nimempenda kuliko siku zote.

Jumatano, 12 Machi
Mzee kafariki juzi alfajiri, ameketi, mwanyumba akiwa ameshika hendeli. Tumemzika jana. Nilibeba jeneza upande wa nyuma. Mke wangu hakunitazama hata mara moja. Uchungu huu siuwezi.

Hata hivyo nimefikiri kwa utulivu. Mzee hayupo, neno lake nalo litapoa. Anayesikilizwa sasa pale nyumbani ni mama mkwe, na mama mkwe hatoki chumbani bila kiti chake cha magurudumu. Nilipokwenda kutoa pole nilikichunguza. Gurudumu la kushoto linashikwa na nati moja tu. Ninayo mfukoni. Kesho asubuhi nitakuwa wa kwanza kufika.