Maoni Yangu Juu ya Mume wa Kinu

Jumatatu, 1 Julai 1974, Ujiji
Bahati yangu haina dawa. Watu wa mwambao huu wana mitumbwi, hawana injini. Mimi sina mtumbwi, nina injini! Niliipata ng'ambo ya ziwa, Kalemie, kwa jamaa aliyekuwa anahama kwa haraka. Ikinguruma, viboko wanahama.

Leo bahati imeongeza mguu. Mwalimu Leonia wa darasa la watu wazima kaniita baada ya kipindi. Darasa letu litaonyesha kichekesho siku ya Saba Saba, cha mtu anayependa kinu kama mke. Kaniomba mimi, niliyefika Tabora na Dar es Salaam, nitazame mazoezi nitoe maoni. Wanafunzi thelathini na wawili, kachagua mmoja. Ananipenda huyo. Nitamposa Saba Saba hiyo hiyo, mbele za watu, asipate pa kukimbilia.

Jumatano, 3 Julai
Nimetazama. Mume wa kinu ni Oswald, mvuvi wa dagaa. Anakikumbatia kinu, anakiimbia, wenzetu hoi. Mimi sikucheka. Nilisimama nikawapa ukweli. Mapenzi gani hayo? Mtu anayependa kitu hakikumbatii hovyo, atakichubua. Hukiamkia asubuhi kabla ya majirani. Hukifunika shuka. Paa likivuja, kitu kinalala kitandani, mwenyewe mkekani. Wala hakifanyishi kazi, kitachoka bure!

Mwalimu akaandika kila neno, kichwa kainamisha, mabega yanatikisika. Uchungu wa elimu. Skolastika, mama muuza migebuka, samaki wa ziwa letu, akataka kujua nimeyajulia wapi yote hayo. Nikamjibu nimetembea, mama.

Huyu Oswald ana ugonjwa. Kila tukikutana huniuliza shemeji yake kaamkaje. Sina mke, na anajua.

Ijumaa, 5 Julai
Kinu hakifai. Kila nyumba ina kinu, nani atashangaa? Nimetoa ushauri mkubwa kuliko wote: waweke injini yangu! Siri yangu: Ujiji nzima iione, na Leonia aone mali anayoolewa nayo. Mwalimu akaniuliza taratibu, mara mbili, kama nina hakika.

"Bwana Mwinshehe, watu watacheka."

Nikamwambia kichekesho kisipochekwa ni hotuba. Nimetoa na shuka langu la maua. Waigizaji walikuwa na njaa, nikawachomea migebuka kumi na miwili. Oswald peke yake kala minne. Adui naye ana tumbo.

Jumapili, 7 Julai, Saba Saba
Uwanja wa shule ulifurika. Watu wa Mwanga, hata wa Kidahwe. Oswald alitokea amevaa koti kama langu na kofia kama yangu, anatembea kifua mbele kama sijui nani. Akaiinamia injini kwa adabu, akaipa shikamoo. Vicheko! Nyuma yangu mzee mmoja akauliza, huyu si Mwinshehe? Nikageuka nimwone huyo Mwinshehe.

Kisha Skolastika, amejifanya mshenga, akaiuliza injini kama imekubali kuolewa. Oswald akavuta kamba ili ijibu. Kimya. Akavuta tena. Kimya.

"Mwari akinyamaza karidhia," akasema Skolastika. "Pigeni vigelegele."

Watu wakagaragara. Hapo heshima ya injini iliguswa. Nikapanda jukwaani, nikamwambia Oswald hajui kuvuta. Nikavuta mimi. Uwanja mzima ukanihesabia. Mara saba. Mara kumi. Ya kumi na moja koti likapasuka mgongoni.

Nikafikiri: watu wapo, Leonia yupo, ngoja ngoja ya nini? Nikamposa pale pale, kamba mkononi.

Akasubiri watu watulie.

"Bwana Mwinshehe, sisi Wakristo hatuolewi na mwanamume mwenye mke."

Hata mimi nilicheka. Nilielewa nikiwa njiani. Oswald alinibebea injini mpaka mlangoni, jasho linamtoka, akasema pole, shemeji ana mwili.

Jumatatu, 8 Julai
Nimetafakari, kila kitu kiko wazi. Leonia ana wivu! Mwanamke hamwonei wivu mtu asiyemtaka. Nimemwandikia maoni mapya, kurasa nne. Koti la Oswald limemkaa vibaya. Kutembea kwake hakuna mtu duniani anayetembea hivyo. Sehemu ya mume nipewe mimi, mwakani tutawashinda wote.

Injini nimeifuta, nimeifunika shuka jipya, la jana limeshikwashikwa. Nimeiomba radhi. Wapita njia wananiuliza ilikuwaje, nawaambia haikuwa na petroli.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme. Haijawahi kuwaka hata siku moja. Wala petroli sijui hutiwa wapi.