Katibu Asiyejua Uongo

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza bila kazi. Mkataba uliisha Ijumaa. Miezi mitatu ya kupanga kurasa za ripoti ya kampuni ya bima, na siku ya kuagana wakanipa kipande cha keki na kalamu. Kalamu haiandiki. Natumia penseli.

Nimeamka saa kumi na mbili kwa mazoea, nikavaa shati, nikakaa mezani. Sikuwa na pa kwenda. Nikavua shati. Nikalivaa tena, Mama asije akaniona.

Mama ni mama mzazi wa marehemu mke wangu. Alikuja kunifariji kwa wiki mbili. Sasa ni mwaka na miezi saba. Begi lake bado liko nyuma ya mlango wa chumba chake. Asubuhi anatoa gauni, jioni anarudisha na kufunga zipu. Sijawahi kumuuliza. Naogopa nikiuliza atakumbuka kwamba ni mgeni.

Jioni alipita shemeji, kaka wa marehemu. Akatazama dari. Akatazama viatu vyangu. Akasema bila kuuma maneno kwamba mama yake hawezi kuishi kwa mtu ambaye leo ana kazi, kesho hana. Amemjengea chumba kwake, kina bafu lake, vigae mpaka juu. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na gari. Kukiwa na mkataba mpya katika nyumba hii, gari litarudi tupu. Mkataba usipokuwepo, litarudi na Mama.

Mama aliuliza vigae ni vya rangi gani. Bluu. Akasema bluu inaonyesha sana sabuni.

Lazima nipate kazi. Mama akiondoka, humu ndani hatabaki mwingine anayejua kwamba marehemu alikuwa akipiga chafya mara tatu, kamwe si mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimetuma barua pepe kumi na tisa. Majibu mawili. La kwanza limeandikwa na mashine. La pili ni la mtu aliyedhani namuuzia magodoro.

Nimefikiri sana na nimegundua kasoro iko wapi. Simu! Zamani mke wangu ndiye aliyepokea simu yangu. Alikuwa akisema ofisini hapa, subiri tafadhali, yuko kikaoni. Kisha anakanyaga cherehani nusu dakika, isikike kama mitambo ya kuchapisha. Watu humpenda fundi asiyepatikana. Anayepokea simu mlio wa kwanza ana njaa, na njaa inasikika.

Mpango: Mama awe katibu wangu. Alikuwa karani wa shule miaka ishirini na sita, sauti ya simu anayo. Ila hajui uongo. Aliuliza atasemaje niko kikaoni na mimi huyu hapa ninakula. Nikamwambia kikao ni watu wanaozungumza, na sisi tunazungumza. Akatafakari. Akasema hapo sawa.

Saa tisa simu ikalia. Akapokea vizuri kabisa. Ndiyo, yuko kikaoni. Na nani? Na mimi. Kuhusu nini? Kuhusu hii simu. Kitaisha lini? Akimaliza kutafuna.

Nikampungia mikono akanyage cherehani. Akanijibu, simu ikiwa sikioni, kwamba uzi umekatika.

Aliyepiga alikuwa mhariri wa kampuni ya vitabu vya shule. Nimekwisha! Lakini Mama anasema mama yule alicheka mpaka akakohoa, na ananitaka kesho saa nne.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa miguu. Dakika ishirini. Mapokezi hapakuwa na mtu, kiti tu na sweta mgongoni mwake. Karani ameacha kazi tangu mwezi uliopita, sweta hajarudi kulichukua. Simu ililia juu ya meza, ikachoka, ikaanza upya. Kila aliyepita aliitazama kama mtoto wa jirani.

Na pale kwenye viti, nani? Kola.

Kola ni mpanga kurasa kama mimi. Tunamwita hivyo kwa sababu kola ya shati lake husimama hata jua la saa saba. Tuliwahi kupanga kalenda pamoja ikatoka bila tarehe thelathini na moja ya Agosti, na mpaka leo anatangaza kwamba ni kosa langu. Ni langu. Ila anatangaza mno.

Akaniuliza, ndugu yangu, kumbe bado upo? Kwa sauti ya mtu aliyeshahudhuria mazishi yangu. Akasema yeye hana hata nafasi ya kupumua, amekuja kuwasaidia tu hawa. Ana simu mbili. Alizungumza na moja huku akiitazama nyingine. Nashuku zinapigiana.

Mhariri ana miwani mbili. Moja iko kichwani, nyingine anaitafuta. Kazi yenyewe ni vitabu sita vya afya kwa darasa la tatu, mkataba wa miezi sita. Miezi sita! Cha kwanza ni cha meno. Mimi na Kola tutajaribiwa kwa kurasa nane, mwisho keshokutwa saa sita mchana. Maandishi bado yako kwa mwandishi, yatakuja kesho. Tuanze na maneno ya kujazia.

Ndivyo tunavyofanya sisi. Maandishi yakichelewa, unajaza ukurasa kwa maneno yoyote ili uone utakavyokaa. Yakifika, unayatoa ya kujazia, unaweka ya kweli. Kazi ya mtoto.

Alhamisi, 6 Machi

Wenzangu hujaza kwa upuuzi uleule, mstari mmoja mara mia. Mimi najaza kwa vikaratasi vya mke wangu. Alikuwa akinibandikia mlangoni mwa friji. Wino ulipoanza kufifia, nilivichapa vyote kwenye kompyuta siku moja ya mvua, na faili nikaliita Kujazia, ili mtu akilikuta asiulize. Sentensi zake ni za urefu mzuri. Zinakaa kwenye ukurasa kama mtu aliyeketi.

Nimepanga kutwa. Mama alikanyaga cherehani ili nijisikie niko ofisini. Kelele tupu. Sikumwambia.

Shemeji alikuja na futi kupima kitanda cha Mama. Nikamwambia kuna mkataba wa miezi sita uko njiani. Akaniuliza njia gani. Akaandika vipimo.

Maandishi ya meno yalifika saa kumi na moja. Macho yananiuma. Nimeyaingiza yote. Nadhani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetuma saa tano na dakika hamsini. Dakika kumi kabla! Nikajilaza kwenye kochi kama tajiri.

Saa tisa nikamkuta Mama mezani. Alikuwa amechapisha nakala kwa ajili ya jalada la ofisi, maana anasema ofisi bila jalada ni genge la wahuni. Alikuwa anasoma kwa midomo. Ukurasa wa sita. Ulipaswa kueleza jinsi ya kupiga mswaki. Ulisema hivi:

Nimekwenda sokoni. Funika sufuria, si kwa sahani, kwa mfuniko. Mfuko wa koti nimeushona, usitie tena penseli zilizochongwa. Yule paka si wetu, usimpe jina. Majibu ya hospitali ni Alhamisi. Mama usimwambie.

Nilisahau ukurasa wa sita!

Mkataba ulinitoka akilini papo hapo. Nilimwona Mama tu. Mwaka na miezi saba nimelificha jambo hilo. Yeye aliambiwa ugonjwa ulikuja ghafla, na mimi ndiye niliyemwambia.

Alinyanyuka akaosha kikombe kilichokuwa safi. Kisha akauliza, paka mlimpa jina? Nikasema tulimpa. Jina gani? Mpangaji, kwa sababu alikuwa halipi. Akatikisa kichwa.

Halafu akasema alijua. Binti yake alimpigia simu kabla hata mimi sijaambiwa, akamwapisha: mume wangu asijue kwamba unajua, ana kazi ya watu mkononi, akikuona unalia ataiacha. Ndiyo maana siku zile alikuwa anakuja na kuuliza tu kama tumekula.

Kwa hiyo tumelinda mlango mmoja muda wote huu, yeye nje, mimi ndani, na haukuwa hata na kufuli.

Uongo hajui. Kunyamaza anajua kuliko mimi.

Baadaye akaenda jikoni akaniambia kutoka huko kwamba sufuria nimelifunika tena kwa sahani.

Jumatatu, 10 Machi

Jumamosi na Jumapili nimebuni mpango. Mama ampigie mhariri, aseme ukurasa wa sita ulivurugwa na msaidizi mzembe ambaye tumeshamfukuza. Mama akauliza msaidizi gani. Nikasema wa kubuni. Akauliza tutamfukuzaje mtu ambaye hatujamwajiri, na masikini hata hajajitetea.

Hatimaye akakubali kupiga. Nikajificha jikoni. Simu ililia mapokezi kwao mara kumi na moja ndipo mhariri mwenyewe akaja kuipokea. Na Mama, Mungu ampe maisha marefu, akasema: ukurasa wa sita ni maneno ya binti yangu, ambaye hatunaye tena. Mkwe wangu aliyaweka kwa sababu anayapenda, akasahau kuyatoa kwa sababu amechoka. Meno yako yanakuja sasa hivi kwa barua pepe.

Nikaegemea friji. Wakaendelea kuzungumza dakika kumi na tisa. Nilipouliza walizungumza nini, alinijibu: mifuniko.

Jumatano, 12 Machi

Kola amepata.

Barua ya mhariri ni ya adabu sana. Anasema kurasa zangu saba zilikuwa nzuri kuliko za Kola. Ila zake zilikuwa nane.

Kola naye alipiga kunipa pole. Akasema nisife moyo, milango ni mingi. Sawa, ila huu amesimama yeye.

Nimelala mchana na viatu. Nilipoamka niliona begi la Mama limesogea. Halipo tena nyuma ya mlango. Liko mbele yake. Nikapita nikajitia hamnazo, nikaenda kutafuta mfuniko wa sufuria. Niliutafuta muda mrefu.

Alhamisi, 13 Machi

Simu ililia saa mbili asubuhi. Nikaidaka mlio wa kwanza, njaa yote hadharani. Mhariri! Amebadili mawazo! Nikasema ndiyo, ni mimi, nina nafasi, naweza kuanza leo. Akasema kwa upole kwamba alikuwa anamtaka katibu wangu.

Nikampa Mama simu.

Wanamtaka mapokezi, kila siku asubuhi mpaka saa saba. Mkataba wa mwaka mzima. Mhariri amesema ofisi nzima hakuna anayesema ukweli kwenye simu. Mwandishi akiulizwa yuko wapi, wanasema njiani, naye kalala. Anataka mtu wa kupokea na kusema kalala.

Mama aliuliza swali moja tu, kama kuna birika. Lipo. Anaanza Jumatatu. Mchana alikwenda kutia saini, amevaa gauni la kijani alilovaa kwenye harusi yetu.

Nimempongeza kwa moyo wote. Kisha nikaenda bafuni nikajitazama kwenye kioo. Mimi ndiye niliyetuma barua pepe kumi na tisa.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji alifika saa tatu na gari la kuazima, kamba mkononi. Akaniuliza mkataba uko wapi. Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia, akatoa karatasi kwenye pochi yake. Akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema mkataba mpya katika nyumba hii, hakusema wa nani.

Shemeji akaisoma mara mbili. Akasema mama, umri wako huu? Mama akamjibu kwamba kutoka hapa mpaka kazini ni dakika ishirini kwa miguu, na kutoka kwenye vigae vyake ni mabasi mawili, na yeye hachelewi kazini, hajawahi. Shemeji akanigeukia, eti nimemtuma mama yake kazi. Mama akasema hakutumwa, ameajiriwa, na aache kelele, majirani watadhani tuna ugomvi.

Gari likarudi tupu. Kamba ameisahau.

Mama alipomaliza chai aliingia chumbani. Nikasikia zipu. Nikasikia kabati. Magauni sita yametundikwa. Begi akanipa niliweke juu ya kabati, kule usikofika mkono wake.

Jumatatu, 17 Machi

Mama ameondoka saa moja na nusu. Mimi niko nyumbani nimevaa shati.

Mpango mpya! Nina mtu wangu ndani ya kampuni. Nilimwomba, Kola akipiga, amwambie kwamba mhariri yuko kikaoni na kikao hakina mwisho. Amekataa. Basi saa nne nikapiga mwenyewe, nikakaza sauti kama mkurugenzi, nikaomba mhariri anipe anwani ya yule mpanga kurasa hodari anayesifiwa mjini. Nikamsikia Mama akiitangazia ofisi nzima kwamba ni mkwe wake, amebana pua, na amkute amekula atakaporudi.

Nitajaribu tena kesho kwa sauti ya mwanamke.

Habari njema ni kwamba kampuni ya matangi ya maji imejibu. Wanataka kurasa nne za mfano, keshokutwa. Maandishi hayajafika, yako njiani, au yamelala. Nimefungua faili la Kujazia. Safari hii nimejiandikia karatasi, TOA YOTE KABLA YA KUTUMA, nikaibandika mlangoni mwa friji. Hapa nilipokaa siioni, ila najua ipo.

Ukurasa wa pili umekaa vizuri mno. Unasema hivi: ukichelewa kurudi, taa nimekuachia.

Huo nitautoa mwisho.