Bustani Isiyo ya Mboga

Jumamosi, 6 Aprili

Niandike kabla moyo haujagoma: bustani ninayoitangaza si ya mboga. Nimemdanganya Felista, mkamwana wangu, kwamba daktari kaniamuru nile majani mabichi. Daktari hakutaja majani. Alisema muda uliobaki nikae na familia.

Familia haikai na mimi. Wajukuu zangu wawili, Lusungu wa darasa la kwanza na Keziya wa chekechea, likizo yote wanashinda kwa jirani, Mzee Hezroni. Anapasua kakao, wao wanafyonza ute mtamu wa mbegu mpaka videvu vinateleza. Mimi ni hakimu mstaafu. Nina kabati zima la vitabu vya sheria. Hakuna kinachofyonzeka.

Nikifa leo watoto hawa watanikumbuka kama kofia na kikohozi. Kwa hiyo: bustani! Watoto hupenda udongo. Sijawahi kupanda chochote, lakini nimesikiliza kesi nyingi sana za mashamba.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumeanza. Nimekaa kitini, natoa amri, watoto wanachimba. Nimechagua vitanda vya kuzama, mashimo mapana yenye kingo, kama nilivyoviona miaka yote nikiwa kazini Dodoma. Maji yakija, yanabaki. Akili!

Hezroni akachungulia kupitia migomba ya mpakani. Akauliza, Mheshimiwa, tunamzika nani? Nikamjibu kwamba huo ni utaalamu. Akasema hapa Ikolo maji hayahitaji kukaribishwa, watu huinua matuta. Wivu mtupu. Nimetupilia mbali pingamizi lake.

Keziya kamwaga pakiti nzima ya mchicha kwenye shimo moja, eti mbegu zisilale peke yao. Nikaamuru zitenganishwe. Akakata rufaa kwa mama yake, akashinda. Lusungu anafukua kila mara kuona kama zimeota.

Alhamisi, 11 Aprili

Hazijaota. Jana watoto walirudi kwa Hezroni. Lusungu aliaga kwa adabu, akasema, Babu, utatuita zikiamka.

Sielewi. Pakiti ina picha nzuri kabisa.

Mbinu mpya. Nilimpa Felista hela ya mchicha wa sokoni, ule unaong'olewa na mizizi yake. Leo kabla watoto hawajaamka nimeuchomeka kwenye mashimo yetu, fungu kwa fungu, nikihema kama mbuzi. Nikawaita. Muujiza! Keziya akapiga makofi. Lusungu akainama, akauliza mbona umeota ukiwa umefungwa kamba za mgomba. Nikasema ni mbegu za kisasa. Akaenda kumwuliza Hezroni kama ni kweli.

Kicheko cha mzee yule nimekisikia nikiwa chumbani, dirisha limefungwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua usiku kucha, ile yetu ya Kyela isiyojua kupumzika. Vitanda vimejaa hadi kingo, mchicha unaelea. Aibu! Maji ya majaruba ya mpunga nayo yameingia, na ndani yake kambare wadogo.

Watoto walipiga kelele nikadhani wameona nyoka. Wameshinda humo siku nzima, matope hadi masikioni. Kambare mwenye sharubu ndefu wamempa jina la Hezroni. Keziya aliposikia baridi alikuja kukaa mapajani pangu, akauliza kama enzi zangu niliwahi kumfunga samaki. Nikamsimulia kesi ya mbuzi aliyekula ushahidi. Akataka irudiwe. Lusungu naye akasogea, akaegemea goti langu. Nikairudia, nikaongeza mbuzi wa pili.

Hata Hezroni kaja na kigoda chake, kwani kakao yake imekosa wafyonzaji. Ananiambia ndaga fijo, Mheshimiwa, asante sana, umetupa burudani. Burudani! Kwa mtu aliyepoteza mboga zote!

Felista akaninong'oneza, Baba, leo hawajataka kwenda popote. Nimemwambia asinifariji. Bustani imekufa na kila mtu anacheka. Hii ni familia ya namna gani?

Jumamosi, 13 Aprili

Nimerekebisha. Nimemeza kiburi, nikamwomba Hezroni achimbe mfereji. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika! Maji yametoka yote. Matuta yameinuliwa, nimeyazungushia miba, nimepiga marufuku miguu. Bustani ni safi na imetulia.

Kambare, Hezroni amewahamishia kwenye beseni lake. Watoto wako huko. Nimechanganyikiwa kabisa, maana safari hii kila kitu kimefanywa sawasawa. Matuta aliyoyataka Hezroni mwenyewe haya hapa!

Mchana Keziya akaja, akanyoosha mkono juu ya miba. Babu, twende ukatuhadithie ya mbuzi. Nikamwambia siwezi, nalinda matuta, kuku wa Hezroni hawaaminiki. Akasema lakini hakuna kitu kimeota. Nikamwambia ndiyo maana nalinda. Akaurudisha mkono. Akaenda.

Kifua kinabana leo. Mtu wa umri wangu hana sababu ya kuendelea kuficha ukweli, kwa hiyo nakiri kwa mkono wangu mwenyewe: kosa lilikuwa mchicha. Nimemtuma Felista sokoni Mbugani akalete mbegu za karoti.